ABSALOM JONES NA WAZEE WA KANISA LA MTAKATIFU TOMASO



Kila unapofika wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, maneno huwa mengi. Mmoja husema tumchague fulani kwa kuwa ana duka kubwa. Mwingine husema tumchague fulani kwa kuwa amesoma. Wa tatu hanyanyui mkono wala kufungua kinywa, kisha mwaka mzima hulalamika kibarazani. Kabla hatujapiga kura tena, ni vema tusome habari za mtu mmoja wa zamani ambaye ndugu zetu wa Kanisa la Episkopali la Marekani humkumbuka kila mwaka tarehe 13 Februari. Jina lake ni Absalom Jones. Alizaliwa mtumwa, akafa padre. Lakini safari hii hatutasimulia upadre wake tu. Tutatazama jinsi viongozi walei walivyomtendea yeye, na jinsi yeye na wenzake walivyoamua ni nani apewe kazi hiyo katika kanisa lao.

Mtoto wa senti chache

Absalom alizaliwa tarehe 6 Novemba 1746 katika wilaya ya Sussex, sehemu za Delaware. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa bado koloni la Waingereza. Akiwa bado mdogo, bwana wake alimtoa shambani akamweka nyumbani kuwa mtumishi wa ndani. Wageni walipokuja walimpa senti moja moja. Watoto wengine wangenunua vitu vitamu; yeye alinunua kitabu cha kujifunzia kusoma. Kisha akanunua kingine, na baadaye akanunua Agano Jipya. Aliwaomba watu wamfundishe, yeyote aliyekuwa tayari.

Mwaka 1762, alipokuwa kijana wa miaka kama 16, msiba ulimpata. Mama yake, ndugu zake wanaume watano na dada yake waliuzwa. Yeye peke yake alichukuliwa na bwana wake kwenda mji wa Philadelphia, afanye kazi dukani. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi bidhaa, kuzifunga na kuzipeleka kwa wateja. Sisi ambao Kanisa Kuu letu la Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jamaa kutawanywa namna ile.

Bwana huyo aliitwa Benjamin Wynkoop. Alikuwa mfanyabiashara, tena mtu wa kanisa. Alipata kuwa mmoja wa wazee wa kanisa wa Christ Church na St. Peter's, makanisa mawili ya Kianglikana ya mji ule yaliyoendeshwa pamoja kama parishi moja. Wazee hao ndio waliotunza fedha za parishi na majengo yake, na ndio waliomchagua padre wa kuwahudumia. Basi tuweke jambo hili moyoni tangu mwanzo: mtu aliyemmiliki Absalom alikuwa mtu ambaye wakristo wenzake walimwona anafaa kukaa katika halmashauri ya kanisa.

Kununua uhuru

Hata hivyo Wynkoop hakumzuia kujifunza. Karani mmoja wa dukani alimfundisha kuandika, na mwaka 1766 Absalom aliomba ruhusa ya kwenda shule ya usiku ya watu weusi, akapewa. Huko alijifunza hesabu. Tutaona baadaye hesabu hiyo ilimfaa nini.

Mwaka 1770 alimwoa Mary, naye alikuwa mtumwa wa jirani. Sheria ya wakati ule ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Mama akiwa huru, mtoto ni huru. Kwa hiyo Absalom alianza na uhuru wa mkewe kabla ya wake mwenyewe. Yeye na baba mkwe wake waliandika barua ya maombi wakaizungusha kwa watu wa mji, hasa Wakweka, yaani wale wa Kanisa la Marafiki. Wengine walitoa zawadi, wengine walikopesha. Mary akapata uhuru wake.

Lakini deni ni deni. Mchana Absalom alimfanyia kazi bwana wake. Usiku alifanya kazi zake mwenyewe hata saa sita, hata saa saba, ili apate fedha za kulipa. Ilimchukua miaka hadi 1778 kumaliza deni lote. Hapo ndipo alipoanza kumwomba bwana wake amwuzie uhuru wake mwenyewe. Wynkoop alikataa. Absalom akaomba tena na tena. Wakati huo alikwisha kununua kiwanja na nyumba, na alijua kwamba mali ya mtumwa inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya bwana wake. Mwishowe, mwaka 1784, Wynkoop alimpa hati ya uhuru. Absalom alikuwa na umri wa miaka 38 hivi. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuondoka kwa hasira. Aliendelea kufanya kazi katika duka lile lile, sasa akiwa mtu wa mshahara.

Aliyeinuliwa magotini

Katika miaka hiyo Absalom alisali katika kanisa la Wamethodisti lililoitwa St. George's. Yeye na rafiki yake Richard Allen, ambaye pia alikuwa amejinunua kutoka utumwani, walipewa kibali cha kuhubiri kama walei. Watu weusi walikuja kwa wingi kwa sababu yao. Badala ya kufurahi, wakuu wa kanisa waliona taabu. Wakaanza kuwasogeza watu weusi ukutani, na baadaye wakawaamuru waketi ghorofani.

Tarehe 12 Aprili 1787 Absalom na Richard walianzisha chama cha kusaidiana, Free African Society. Kila mwanachama alitoa shilingi moja kwa mwezi. Fedha hizo ziliwasaidia wagonjwa, wajane na yatima, na watoto walitafutiwa nafasi ya kujifunza. Mlevi na mtu wa fujo hawakupokelewa. Aliyekaa miezi mitatu bila kulipa, ingawa ana uwezo, aliondolewa. Chama hiki hakikuwa kanisa, lakini ndani yake watu waliokuwa watumwa jana walijifunza kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kutunza sanduku la fedha na kuulizana maswali bila kugombana. Wazee wa kanisa la baadaye walifundishwa kazi humo.

Kisha ikafika Jumapili moja katika St. George's. Watu weusi walipanda ghorofani kama walivyoelekezwa, wakapiga magoti kwa maombi. Wakiwa bado magotini, mdhamini mmoja wa kanisa alimshika Absalom akaanza kumvuta asimame, kwa kuwa, kwa maoni yake, alikuwa amepiga magoti mahali pasipo pake. Absalom alimwomba angoje maombi yaishe. Mdhamini hakungoja; alimwita mwenzake aje kumsaidia kuwainua na wengine. Maombi yalipokwisha, watu weusi wote waliondoka kwa pamoja, wala hawakurudi.

Mdhamini si padre, wala si askofu. Ni mlei kama wewe na mimi, aliyepewa dhamana ya kutunza nyumba ya Mungu. Mtu huyo alikuwa na cheo, na bila shaka aliona anatimiza wajibu wake wa kuweka utaratibu. Lakini alimvuta mtu aliyekuwa akiomba. Ndugu zangu, mzee wa kanisa anaweza kujua taratibu zote za ibada, akasahau ibada yenyewe.

Hesabu za mwaka wa homa

Waliotoka waliazimia kujenga kanisa lao wenyewe. Wakati ujenzi ukiendelea, mwaka 1793, homa ya manjano iliingia Philadelphia. Kuanzia Agosti hadi Novemba watu wapatao 5,000 walikufa, karibu mmoja katika kila kumi wa wakazi wa mji. Wenye uwezo walikimbia. Watu waliwaacha jamaa zao kitandani, na maiti zilikosa wa kuzizika.

Daktari mmoja mashuhuri, Benjamin Rush, aliwaomba watu weusi wasaidie. Wakati huo aliamini kwamba ugonjwa ule hauwapati watu weusi. Alikosea, waliugua na kufa kama wengine. Hata hivyo Absalom na Richard walikubali. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakatafuta wauguzi, wakaajiri watu wa kubeba maiti, wakachoma vitanda vya marehemu.

Ugonjwa ulipopungua, mchapishaji mmoja wa mji aliandika kitabu akawasingizia wauguzi weusi kwamba walijitajirisha kwa taabu za watu na kuiba majumbani. Absalom na Richard hawakujibu kwa matusi. Mwaka 1794 walichapisha kijitabu chao, na ndani yake waliweka hesabu. Fedha zote walizopokea kwa kuzika na kuchoma vitanda zilikuwa pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Walizotumia kwa majeneza na kwa mishahara ya watu watano waliowaajiri zilikuwa pauni 411. Yaani walikuwa wametoa mfukoni mwao pauni 177, shilingi 9 na peni 8. Naye Meya wa mji aliwaandikia hati ya kuthibitisha kwamba mwenendo wao ulimridhisha.

Tazameni hapo faida ya shule ya usiku. Wakati mji mzima ulikuwa katika hofu, na hakuna mtu aliyewataka risiti, wao waliandika kila shilingi na kila peni. Siku ya kusingiziwa ilipofika, daftari lilisema. Mweka hazina wa parishi asiudhike anapoombwa hesabu. Daftari safi ni ngao yake.

Walivyoamua wao wenyewe

Kanisa lao lilipokaribia kwisha, ilibidi waamue watakuwa wa madhehebu gani. Wakapiga kura. Absalom na Richard walitaka kubaki Wamethodisti, kwa kuwa huko ndiko walikoipata imani yao. Lakini wengi walitaka Kanisa la Kiingereza, ambalo baada ya Marekani kupata uhuru lilikuwa limekuwa Kanisa la Episkopali. Wale viongozi wawili walishindwa.

Mkutano ulimwomba kwanza Richard Allen awe mchungaji wao. Alikataa kwa adabu, kwa kuwa dhamiri yake ilimwambia abaki Mmethodisti. Baadaye aliongoza kanisa la Bethel, na mwaka 1816 akawa askofu wa kwanza wa Kanisa la African Methodist Episcopal. Ndipo walipomgeukia Absalom. Naye alikuwa ameshindwa katika kura ile ile, lakini alikubali kuwatumikia katika njia ambayo hakuichagua yeye. Marafiki hawa wawili waliachana njia bila kuachana urafiki.

Kanisa lilifunguliwa tarehe 17 Julai 1794, likaitwa Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Tomaso. Hawakuharakisha kujitia mikononi mwa dayosisi. Walimwendea Askofu William White wakiwa na masharti matatu. Kwanza, wapokewe wote pamoja kama kanisa lililokwisha kuundwa. Pili, wawe na mamlaka juu ya mambo yao ya ndani. Tatu, Absalom Jones apewe leseni ya kuwa msomaji, na akionekana anafaa awekewe mikono. Masharti yalikubaliwa.

Katika katiba waliyoipitisha mwezi Agosti mwaka huo waliandika kwamba hakuna mtu ila Mwafrika au mzao wa Waafrika atakayepiga kura au kuchaguliwa katika kazi yoyote ya kanisa hilo. Aliyeruhusiwa kuwa wa asili nyingine ni mchungaji na msaidizi wake tu. Wakaongeza neno moja ambalo huenda likawashangaza wengine wetu: mchungaji hatakuwa na kura katika uchaguzi wao.

Huenda msomaji akauliza kama kanuni ile haikuwa ubaguzi nayo. Kumbukeni walikotoka. Bwana wa Absalom alikuwa mzee wa kanisa. Mtu aliyemvuta magotini alikuwa mdhamini wa kanisa. Watu hawa walikuwa wameona kwamba anayeshika ufunguo wa mlango ndiye anayeamua nani aketi wapi. Kama viti vya halmashauri vingekuwa wazi kwa matajiri wa mji, siku chache tu wangejikuta tena ghorofani, na safari hii katika kanisa walilojenga kwa jasho lao. Walifunga mlango mmoja ili mwingine ubaki wazi. Na kuhusu kura ya mchungaji, hawakumdharau. Walitaka wazee wawe watu ambao washarika wenyewe wamewachagua, wasiwe vivuli vya padre.

Katiba ile ilitaja wanaume tu, kama desturi ya wakati ule. Leo kina mama huchaguliwa nasi, na parishi nyingi zingelala njaa bila wao.

Miongoni mwa walei waliokuja kuwa wazee katika kanisa lile alikuwepo James Forten, mtu mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1766. Alikuwa fundi wa matanga ya meli. Mwaka 1798 alichukua karakana ya tajiri wake, akaiendesha kwa uhodari, akawaajiri weusi na weupe pamoja. Alikuwa tajiri, naam, lakini mali yake aliitumia kupigania wenzake walio utumwani. Tena baraza lilimfahamu kabla ya utajiri wake.

Bei waliyolipa

Tusifikiri kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Desturi ilitaka mtu anayewekewa mikono ajue Kiyunani na Kilatini. Absalom hakuzijua lugha hizo. Mwaka 1795 sinodi ya dayosisi ilikubali kumsamehe sharti hilo, lakini kwa masharti yake: Kanisa la Mtakatifu Tomaso lisitume padre wala wajumbe katika sinodi, wala lisiingilie uongozi wa Kanisa kwa jumla. Yaani walikuwa huru nyumbani kwao, lakini bubu katika baraza la ndugu zao. Wazee wa kanisa lile walichaguliwa kwa haki, wakatunza hesabu, wakalea maskini, lakini sinodini hawakuwa na kiti. Hali hiyo iliendelea hata katika miaka ya 1860, karibu miaka 70, na Absalom hakuuona mwisho wake.

Je, walifanya vema kukubali? Kila mmoja wetu apime mwenyewe. Wangekataa, huenda wasingepata padre wa kwao. Walikubali, na wajukuu wao ndio walioingia sinodini. Aibu ya jambo lile si yao; ni ya sinodi iliyowapokea ndugu kwa mkono mmoja na kuwasukuma kwa mwingine.

Absalom alifanywa shemasi mwaka 1795, na mapema katika karne iliyofuata akafanywa padre, wa kwanza mweusi katika Kanisa la Episkopali. Aliwatembelea washarika nyumbani mwao, na mwaka 1804 kanisa lake lilifungua shule. Tarehe 30 Desemba 1799 aliongoza watu weusi wapatao 70 wa Philadelphia kutia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya biashara ya watumwa na dhidi ya sheria iliyoruhusu watu kukamatwa na kurudishwa utumwani. Wabunge 85 walipiga kura ya kutolitia moyo, na mmoja tu akawa upande wao. Hakukata tamaa. Tarehe 1 Januari 1808, siku sheria ya kupiga marufuku kuingiza watumwa Marekani ilipoanza kutumika, alihubiri mahubiri ya shukrani juu ya Mungu aliyesikia kilio cha Waisraeli huko Misri. Utumwa wenyewe ulibaki Marekani hadi 1865. Yeye alifariki tarehe 13 Februari 1818, na kanisa aliloliongoza lipo hadi leo.

Tutakapopiga kura

Ndugu wapendwa, Mitume walipoona wajane wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, hawakuwachagua wasaidizi wao wenyewe. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye sifa njema. Hivyo kura ya mshiriki si jambo dogo. Ni kazi ya tangu siku za Mitume.

Kwa hiyo, jina la mtu litakapotajwa, tusiulize kwanza ana nini. Tuulize: wakati wa maradhi alionekana nyumba za watu? Fedha za chama, za harusi au za msiba alizowahi kushika zilipata hesabu? Aliposhindwa katika shauri, alisusa, au aliendelea kufanya kazi na wenzake? Mgeni maskini akiketi kiti cha mbele, atamwacha aombe, au atamshika bega?

Na wewe utakayechaguliwa, kumbuka kwamba wakristo wa Philadelphia walimchagua Wynkoop, na wakristo wale wale wakampa mwingine udhamini. Kuchaguliwa peke yake si ushahidi wa wema. Daftari, magoti na milango ya wagonjwa ndivyo vitakavyotushuhudia.

Mungu atupe wazee wa namna hiyo, na atupe sisi macho ya kuwatambua. Amina.